Idi ya Uso wa Njano

Juzi jirani yangu hapa Moroni alikuwa akisugua kipande cha mti wa liwa juu ya jiwe lenye maji. Harufu ikapenya dirishani, nikasimama nayo mpaka wali wangu ukaungua. Mnisamehe, wenzangu, harufu hiyo hainiachii akili.

Liwa hilo sisi twaliita msindzano, na wanawake wetu hujipaka usoni. Zamani, kila mkesha wa Idi, tulikuwa Mutsamudu kwa Koko, mama yake baba, na kwake siku hiyo hapakuwa na uso uliosalimika. Watoto tuliwavizia wakubwa nyuma ya milango, viganja vimejaa. Kuta, mashuka, hata kuku, vyote vikawa njano. Mama alinung'unika kwamba Idi yake itaishia kwenye beseni la kufulia, na Koko alimjibu, "Idi ikiwa safi ni Ijumaa tu, mwanangu." Windo letu kubwa lilikuwa baba, mtu wa ofisi, asiye na maneno mengi. Alikimbia ua mzima ameshikilia kikoi, majirani wakichungulia kumwona mwanamume akipakwa urembo wa kike.

Mwaka mmoja, enzi za mamluki wa kigeni walioshika nchi yetu, tulitangulia na mama. Baba akabaki Moroni kumalizia kazi. Siku tuliyomtarajia hakuja. Wakubwa wakaanza kunong'ona. Mkesha wa Idi, Koko alisugua msindzano tangu asubuhi bila kupumzika, bakuli likajaa, akatafuta jingine. Mimi nililia, nikihofu Idi itapita bila windo letu.

Magharibi mlango ukafunguka, ni baba. Koko alimwahi kabla yetu, akamfunika kichwa kwa nguo yake ya shiromani, akamvuta chumbani.

"Mwaka huu naanza mimi," alituambia, akafunga mlango.

Baba alitoka wa njano tupu, paji hadi shingoni, msindzano umerundikwa kama lipu ya ukuta. Tukapiga kelele kwamba tumedhulumiwa! Alicheka kwa upande mmoja wa mdomo, nami sikushangaa, kwani msindzano ukikauka hukaza ngozi. Asubuhi hakwenda kuswali Idi. Akasema ana homa. Koko akampaka upya, na kesho yake tena. Wageni walimtania, na mimi nikatamba mtaani kwamba hakuna baba apendaye mchezo kama wangu.

Nilikuwa mama mtu mzima nilipoelewa. Mwanangu alirudi na jicho limevimba kwa kupigwa mpira, nikawa nampaka dawa taratibu, na mkono wangu ukanikumbusha mkono wa Koko. Baba alikuwa amepigwa huko Moroni. Koko aliyafunika majeraha ili sisi watoto tupate Idi yetu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, husema watu.

Wote wawili wamekwisha kwenda mbele ya haki, na nina hamu nao mno. Namkumbuka baba zaidi, akiwa amekaa katikati yetu na uso ule. Kila kicheko kilimuuma, naye alicheka Idi nzima.