Kahawa Nyeusi ya Jioni

Mama yangu, Karwirwa, alimkataa baba mara mbili, na lawama zote ni za kahawa.

Ilikuwa miaka ya sabini, huko Nkubu. Nyanya mzaa mama alikuwa kipofu, na alipenda kusimulia jinsi macho yalivyomwacha: rangi nyekundu ndiyo iliyotangulia kumpotea machoni, ikienda na kurudi, mpaka siku moja haikurudi. Mama alikua na hadithi hiyo, basi naye akawa anajipima macho. Mchana hakuwa na nafasi, kwa hivyo alijipima jioni, baada ya kuchuma, kwenye mti wa kahawa ulio kando ya njia. Jioni moja akaona majani bado yanaonekana vizuri, lakini matunda mabivu yamekuwa meusi kama makaa. Asubuhi yalikuwa mekundu tena. Jioni, meusi.

Giza lilipoingia akajaribu nyota. Nyota hafifu akiikazia macho ilipotea; akitazama pembeni, ilirudi. Hapo akakata tamaa, na hakumwambia mtu. Mama hufunga mdomo kwa jambo la maana na kuufungua kwa upuuzi, nami humwambia hivyo usoni.

Baba, Mbae, fundi wa baiskeli, alipotaka kutuma wazee kwao kumposa, alijibiwa hapana. Akangoja mwaka, akauliza tena. Hapana. Mama alimpenda mno, hakutaka kumpa mke kipofu wa kuongozwa kwa fimbo.

Mara ya tatu baba alimfuata shambani jua likishazama, amekasirika.

"Karwirwa, niambie ukweli niende zangu. Kuna mwingine?"

Mama akaanza kulia. Akamvutia tawi. "Hii kahawa mbivu unaiona rangi gani?"

"Nyeusi."

"Usinicheke, Mbae."

"Nakucheka saa ngapi? Saa hii kila kitu nyekundu inakuwa nyeusi."

Mama hakumwamini. Akamwita wifi yake, Cicily, aliyekuwa akifunga gunia hapo karibu, akamwuliza vilevile. Cicily alishangaa.

"Si nyeusi? Kwani ulidhani tunaacha kuchuma mapema kwa nini? Mbivu na mbichi huwezi tenganisha saa hii."

"Na nyota ndogo, ukiiangalia sana?"

"Hiyo inapotea," alisema baba. "Mpaka uangalie kando. Hata mimi."

Mama akakaa chini kwenye majani makavu, akicheka na kulia kwa pamoja, na kifua kikawa chepesi ajabu. Macho yake yalikuwa mazima! Kisha hasira zikampanda. Kumbe angemwuliza mtu mmoja tu, miaka yote ile! Na kwa kuwa hasira lazima zimpate mtu, zilimpata baba. Alimwita mjinga, mzembe, mwanamume wa kuambiwa hapana mara mbili bila kuuliza sababu.

"Sasa unangoja nini?" mama akamfokea. "Tuma wazee!"