Hesabu Mpaka Kumi

Asubuhi ile nilikwenda shule kugombana, na msahafu nimeutia mkobani. Nilikuwa nimeshatia udhu, nimevaa abaya yangu ya heshima, na njia nzima kutoka nyumbani Bawshar mpaka shuleni Ghubra niliyapanga maneno nitakayomwambia yule mwalimu. Jana yake alinipigia simu akaniambia kwamba binti yangu, kitinda mimba wangu, mtoto wa darasa la nne, hajui kusoma. Hakusema anasoma polepole. Alisema hajui.

Mimi nina hasira za karibu, sifichi. Lakini siku ile niliona hasira yangu ina haki. Mtoto amehifadhi Juzuu Amma yote na nusu ya Tabaraka, kwenye chuo cha Qurani wenzake wanaambiwa wamsikilize yeye, halafu leo mtu aniambie hajui kusoma? Kwetu sisi, watu ambao wazee wetu walirudi Oman kutoka Unguja, mtoto akishasoma Qurani kwa sauti nzuri hakuna anayemuuliza jingine. Alama zake za shule zilikuwa mbaya, tukasema mvivu. Aliyesema zaidi ni mimi.

Mwalimu alikuwa msichana mdogo tu, mwenye chumba chake kidogo kando ya ngazi, anakowasomesha wawili wawili wale watoto ambao kujifunza kunawawia vigumu. Hakugombana, na hilo likanikera zaidi. Alinipa kiti, akamwita binti yangu kutoka darasani, akamwambia asome anachokipenda. Nikautoa msahafu, nikaufungua mwenyewe kwenye Suratul Qalam, nikauweka mbele yake kama mtu anayeweka ushahidi mbele ya kadhi. Mtoto akaanza. Akasoma mpaka mwisho, kila herufi imetoka mahali pake, kidole kikitembea juu ya mistari. Mwalimu aliinamisha kichwa, na sura ilipokwisha akasema mashaallah, kwa dhati kabisa. Nikaegemea kiti nikingoja aniombe radhi.

Akachukua ubao mdogo mweupe wa kushika mkononi, akaandika neno moja la Kiarabu, la herufi tatu: qalam, yaani kalamu. Neno ambalo sura nzima imeitwa kwalo, na ambalo binti yangu alikuwa amelitamka dakika chache tu zilizopita.

"Hili neno gani, habibti?"

Mtoto aliutazama ubao, kisha akanitazama mimi. Midomo yake ikaanza kwenda. Nilimsikia akiianza sura tangu mwanzo, chini chini, akilitafuta neno katika sauti kwa sababu kwenye ubao hakuliona. Akarudia mara ya pili. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu anayebahatisha, "Kitabu?"

Nilimwangalia mtoto niliyemzaa, niliyekaa naye mezani kila alasiri kwa miaka minne, na nilikuwa kama ndiyo kwanza namwona leo. Maana alasiri zote zile zilikuwa hivi: mimi nasoma somo kwanza ili asikie, kisha yeye "anasoma" neno kwa neno, nami namwambia, unaona, ukitaka unaweza. Nilikuwa nikimtafunia na yeye akimeza. Nilimwita mvivu mbele ya dada zangu, mbele ya watoto wao, na yeye alikuwa akifanya kazi ya watoto watatu ili tu nisijue.

"Si mvivu," mwalimu akaniambia mtoto aliporudi darasani. "Na akili anazo, tena nyingi, ndiyo maana kajificha muda wote huu. Herufi hazikai kichwani mwake kama zinavyokaa kwa wengine. Anaweza kufundishwa, lakini kwa njia nyingine, na tumechelewa." Mwakani binti yangu angehamia shule ya wakubwa, ambako chumba kama kile hakuna. Ilibaki miezi michache. Alitaka kuanza naye mara moja, ila shule iliitaka saini ya baba, tena aje mwenyewe, kwa sababu kila siku mtoto angesoma nyumbani na mtu asiyekuwa mimi, mtu asiyemtafunia.

"Nyumbani kuna mwengine mwenye tabu hii?" akauliza. "Mara nyingi huwa imo katika ukoo."

"Kwetu? Hakuna," nikamjibu. "Baba yake anauza magari Wattaya miaka kumi na minane." Nilisema hivyo kama kwamba kuuza magari ni cheti.

Mume wangu ni mtu wa maneno. Gari yoyote iliyopita katika duka lile anaijua kwa moyo, nguvu za injini yake na ila zake, na mteja aliyeingia kuuliza njia hutoka ameagiza gari. Karatasi za mauzo hujaziwa na mwenzake, kwa sababu yeye, anasema, mikono yake imezoea usukani. Nyumbani karatasi zote ni zangu. Za maji, za umeme, za shule, za hospitali. "Wewe ndo waziri wangu wa karatasi," huniambia, na dada zangu, ambao waume zao hawawaonyeshi hata risiti, walinionea wivu. Nami nilivimba kichwa. Ukimwandikia ujumbe wa simu, anakujibu kwa sauti. Hotelini husema, "Nletee kama cha mwenzangu." Miwani yake ilikuwa haionekani hata siku moja inapotakiwa, na mimi nikimcheka, nikisema nimeolewa na babu.

Kitu kimoja tu sikumsamehe. Mwaka wa kwanza wa ndoa tulikaa na mama yake, na mimi nikashindwa. Kusema kwa mdomo niliona haya, nikamwandikia barua, kurasa nne za Kiswahili, nikimwomba tutafute kwetu, hata chumba kimoja. Aliipokea, akaiangalia, akaitikia kwa kichwa, akaikunja. "Nimekufahamu," akasema. Kisha hakufanya kitu. Nilikaa pale miaka mitatu mingine, na tangu siku hizo kila tulipogombana barua ile niliitoa, si karatasi yenyewe bali uchungu wake: mtu niliyemfungulia moyo, akanisoma, akanipuuza.

Siku niliyotoka shule alirudi saa nane kwa chakula. Nikamweleza yote. Sikupandisha sauti, nilikuwa bado nimepigwa na butwaa, na pengine ndiyo maana aliogopa.

"Mtoto wangu mzima," akasema. "Wanataka kumbandika jina tu. Siendi, na saini sitii."

"Hajui kusoma, baba. Nimeona kwa macho yangu."

"Atajua. Watu wangapi..." Akasita, akasukuma sahani. "Atajua tu."

Siku nne hatukusemezana. Miezi ni michache, nayo inakwenda, na yeye anakula, anasali, anatoka. Nilimwona mkaidi, nikamwona mjinga, nikamwita majina moyoni ambayo siyaandiki hapa.

Ijumaa baada ya chakula nilichukua sinia ya kahawa na halwa kuwapelekea majlisi, chumba chetu cha wageni, yeye na binti yake. Mlango ulikuwa umerudishwa, haukufungwa. Nikasikia jina langu halitajwi lakini nazungumzwa, nikasimama.

"Mama kakwambia nini?"

"Kasema ntasomeshwa mbali na wenzangu. Baba, watoto watajua."

"Hawatojua. Nsikilize. Ukipewa karatasi usiikatae. Anayekataa ndo anayekamatwa. Ipokee, iangalie, macho yaende hivi, kutoka kulia kuja kushoto, taratibu. Hesabu mpaka kumi moyoni. Ukifika kumi, itikia kwa kichwa. Watu wote watadhani umesoma."

"Na wakisema nsome kwa sauti?"

"Kohoa. Omba maji. Mwambie mwenzio aanze yeye, wewe mshike maneno yake. Masikio yako mazuri, kama yangu."

"Wewe unafanya hivo, baba?"

Kisha akasema, "Mimi nnafanya hivo tangu nna miaka minane."

Sinia haikunianguka. Mikono iliishika mpaka ikauma. Usilolijua ni usiku wa giza, wanasema, lakini mimi nilisimama mchana kweupe kwenye ukumbi wa nyumba yangu na giza ndilo lililoniingia. Miaka ishirini na miwili ya ndoa! Nilimwona akiipokea hati ya ndoa yetu, akiiangalia, akiitikia. Vyeti vya watoto. Karatasi ya hospitali, siku niliyopasuliwa, alipoambiwa asome kisha atie saini. Nilimwona yuko kitandani, mwaka ule wa kwanza, na kurasa zangu nne mkononi. Na mara hii nilihesabu naye. Kumi. Akaitikia kwa kichwa.

Nikaingia. Mtoto akaruka, akatoka mbio. Niliweka sinia chini, nikakaa mbele yake. Nilitaka kumpiga, nilitaka kulia, na nilitaka kujua jambo moja.

"Na ile barua?"

Hakujifanya hajui barua gani.

"Nnayo," akasema. "Sikuweza kumpa mtu anisomee. Nilidhani umeniandikia unaniacha. Sasa ningempa nani? Mama? Nikasema ntangoja, nione kama utaondoka." Akafuta uso kwa kiganja. "Hukuondoka. Nikamshukuru Mungu, nikanyamaza."

Basi nililia. Nililia kwa hasira, maana hasira ile ya miaka ishirini haikuwa tena na pa kukaa. Nilikuwa nimemhukumu mtu kwa barua ambayo hakuisoma. Akanieleza mengine taratibu, macho yakiwa kwenye zulia. Aliletwa Oman kutoka Unguja ana miaka minane, hana hata neno la Kiarabu, akatiwa shule ya Kiarabu. Hakusoma, watu wakasema ni lugha, ataizoea. Lugha aliizoea kabla ya mwaka kwisha. Herufi hazikuja. Lakini Unguja pia zilikuwa haziji, na hilo alilijua yeye peke yake.

"Ntakwenda shule," akasema mwisho. "Ntatia saini, saini nnaijua. Lakini asijue mtu. Nakuomba."

Nikamwitikia, na papo hapo nikaanza kuogopa. Maana mtoto alikuwa ameshafundishwa. Angemwona baba yake anaingia chumba kile, anaipokea karatasi, anaitikia, anatoka na heshima yake, na angejua kwamba inawezekana. Mtu anaweza kujificha hivyo akaoa, akazaa, akapata gari na nyumba Bawshar. Mwalimu angemfundisha nini kikashinda hicho?

Jumapili, ambayo huku ni siku ya shule, tulikwenda watatu. Mume wangu alivaa dishdasha mpya, akafunga kilemba cha sikukuu, akampa mwalimu salamu zake zote nzuri za dukani, na mwalimu akacheka, kama wanavyocheka wateja. Binti yetu alikaa katikati yetu, miguu haifiki chini. Mwalimu akatoa karatasi iliyojaa maandishi pande zote mbili.

"Isome vizuri kwanza, ndugu yangu. Usitie saini kitu ambacho hujakiridhia."

Akaipokea. Hakuikataa. Macho yakaanza kwenda, kulia kuja kushoto, taratibu, na lau si Ijumaa ile ningeapa wallahi kwamba anasoma. Mimi nilihesabu. Sikutaka, lakini nilihesabu. Moja, mbili, tatu. Nikamtupia jicho mtoto, na midomo yake nayo ilikuwa ikienda. Alikuwa anamwangalia baba yake usoni, hapepesi. Saba. Nane. Tisa.

Kumi.

Kichwa hakikwenda.

Nilingoja. Mwalimu alikuwa ameinamia daftari lake, hana habari. Binti yetu akamvuta baba yake ukingo wa mkono wa dishdasha, akamnong'oneza kwa Kiswahili, akidhani amesahau:

"Baba. Kumi tayari."

"Najua, mama," akamwambia.

Kisha akaigeuza karatasi, akamrudishia mwalimu kwa mikono miwili, akasema kwa Kiarabu, kwa sauti ambayo hata aliyekuwa kwenye ngazi angeisikia, "Nisomee, ustadha. Mimi sijui kusoma."