Kikombe Juu ya Kabati

Asiyewahi kunusa mkojo uliochemshwa pamoja na siki ana bahati yake. Ni harufu kali inayokwama kooni, na nyumbani kwetu, mtaa wa Jamhuri jijini Nairobi, ilitufikia likizo ya Agosti, nilipokuwa na miaka kumi na mmoja na ndugu yangu Mutua miaka mitano. Hadi leo nikiikumbuka nachoka. Kabla ya harufu hiyo tulipata sifa kwanza. Mashavu ya Mutua yalikuwa yamejaa, macho yamebaki madogo, na shangazi yetu aliyekuja kutoka Machakos na mfuko wa mbaazi alimbeba akicheka: "Huyu amenona! Nairobi imemkubali." Mama, ambaye alirudi kila jioni miguu ikimuuma kwa kupiga deki ofisi za Kilimani, alifurahi kweli. Ni mzazi gani angekataa sifa kama hiyo?

Wiki moja baadaye viatu vya Mutua vilikataa kumwingia. Ukimbonyeza mguu kwa kidole gumba kilibaki kishimo, kama kwenye unga uliokandwa, na kishimo hicho kilichelewa kujaa. Shangazi akabadilisha kauli. "Ni maji imejaa kwa mwili. Mkimpa ingine mnamuua." Maneno hayo yalituingia akilini kwa urahisi mno: mtoto amejaa maji, basi asiongezwe. Mama alipanga kumpeleka hospitali mwisho wa mwezi, akipata ruhusa kazini. Baba alikuwa kwenye kibarua cha mjengo huko Ngong Road tangu asubuhi, kwa hiyo mlinzi wa maji nikawa mimi. Niliruhusiwa kumpa maji ya vifuniko viwili vya chupa kwa siku, na kikombe chake cha bluu nikakipandisha juu ya kabati. Nilikuwa mtiifu. Na nitasema ukweli, nilipenda kuwa mwenye kauli ya mwisho.

"Mwende, kidogo tu," alikuwa akiniomba. "Ya kuweka kwa ulimi." Nilikataa. Siku moja nilimkuta nyuma ya nyumba akinyonya soksi mbichi aliyoichomoa kwenye kamba ya nguo. Nilimchapa mkono, nikaianika tena. Hakulia. Nikifikiria sasa, labda hakuwa na machozi ya kulia.

Jirani yetu Mama Achieng', aliyestaafu kazi ya maabara katika hospitali moja ya Parklands, ndiye aliyemwona Mutua ameketi mlangoni, midomo imepasuka. Alimbonyeza mguu, akaguna, akaniagiza nimletee mkojo wa mtoto. Ulipatikana kidogo tu. Aliutia katika chupa nyembamba ya kioo, akaishika juu ya stovu yetu ya mafuta ya taa, akadondosha siki. Nilisimama hapo nikitazama. Mkojo uliokuwa mwangavu ulianza kuingia ukungu, kisha ukaganda mweupe, vile ute wa yai hufanya ukipata moto.

"Unaona hiyo nyeupe? Hiyo ni protini," aliniambia. "Inafaa ikae kwa damu. Ndiyo hushikilia maji isitoroke kwa mishipa. Sasa figo inaimwaga, maji imekosa wa kuishika, imehamia kwa miguu na uso. Huyu mtoto amevimba, lakini damu yake imekauka." Akazima stovu. "Na ni nani amemnyima maji?"

Nilitazama juu ya kabati. Majuto ni mjukuu, watu husema, lakini yangu hayakungoja hata kuzaliwa mtoto.

Siku hiyo hiyo Mutua alilazwa Parklands, akakaa wiki tatu. Mama alilala kwenye kiti kando ya kitanda chake na kurudi kazini na nguo zile zile. Mtoto alipona, akarudi nyumbani mwembamba, miguu kama njiti. Hakuna aliyenigombeza. "Hukujua, Mwende," Mama aliniambia, nami nilitamani anichape.

Sasa Mutua ni mwanamume mwenye ndevu, ana kazi yake Kilimani. Ugonjwa huo wa figo umemrudia mara kadhaa. Mwenye kovu usidhani kapoa. Siku hizi hatuchemshi kitu. Kuna kijikaratasi unachochovya kwenye mkojo, kikabadilika rangi, na jibu liko mkononi kabla chai haijapoa. Mambo ya protini na maji nayaelewa vizuri kuliko nilivyotaka. Nimezichoka foleni za Parklands, nimechoka kumbonyeza mtu mzima mguu kila tunapoonana, na yeye pia amechoka kubonyezwa.

Jumapili iliyopita alikuja kwangu baada ya kanisa. Jua lilikuwa kali. Alifungua friji, akatoa chupa ya maji, akaifungua kifuniko. Kisha akageuka, akanitazama, akangoja.

"Kunywa, Mutua," nikamwambia, kama ninavyomwambia kila mara.

Ndipo akanywa.