Fahali wa Kulipia Kupona

Nilisikia kengele kwanza. Kengele nzito, ya shingoni mwa ng'ombe, ikikaribia katika vichochoro vya Majengo, nami nimechuchumaa chooni nyuma ya mabati, nikisubiri tumbo liniruhusu kusimama. Lilikuwa limeanza tena alfajiri ile, baada ya kuniacha miezi miwili. Nilipotoka, baba alikuwa mlangoni pangu ameshika kamba ya fahali mwekundu, na vumbi la njia ya Kongwa limewapaka wote wawili rangi moja.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekonda."

"Ni joto."

"Barua ilisema umepona."

Ni kweli niliandika hivyo. Niliandika katika majuma mema, nikila ugali na mlenda bila woga, nikidhani mwili wangu umenirudia. Nikasahau barua ile ingefanya nini nyumbani. Kwetu mganga halipwi anapoanza kazi. Hulipwa mgonjwa akisimama. Baba alikuwa amemtenga fahali huyu kwa ajili ya daktari wangu tangu mwaka nilipoanza kuharisha damu, na sasa ametembea naye siku tatu ili amalize shauri.

Njiani kwenda kwa daktari sikumwambia kwamba ugonjwa umerudi. Nilitangulia, nikarudi nyuma, nikatangulia tena, kama mbwa.

Daktari alikuwa Mhindu kijana mwenye chumba cha matibabu karibu na soko. Alimwamkia baba, akamtazama fahali.

"Mzee, nimpeleke wapi huyu? Mimi sili nyama."

"Mfuge."

"Humu ndani, na chupa za dawa?"

"Una mke?"

"Bado."

"Basi mtoe mahari, uoe."

Daktari alicheka mpaka akashika mlango. Kisha akanilaza, akanibonyeza tumbo upande wa kulia chini, nikauma meno. Hakucheka tena.

"Siwezi kumpokea, mzee. Kijana hajapona. Ugonjwa huu unakaa ndani ya utumbo. Unalala, unaamka. Vidonge anywe kila siku, hata akijiona mzima. Miaka mingi."

Baba aliizungusha kamba mkononi mara mbili. Nilijua alichosikia. Kwetu mganga anayekataa ng'ombe ameshaliona kaburi. Akanigeukia mimi, akamwacha daktari.

"Unakufa?"

"Sifi, baba."

"Umepona?"

"Sijapona."

"Sasa wewe ni mtu wa namna gani?"

Hapo nikasema yote, haraka, nikitazama kwato za fahali. Kwamba vidonge vinakuja kwa meli kutoka kwa Waingereza na bei yake inajua safari hiyo. Kwamba mshahara wangu wa ukarani ghalani unakwisha kabla ya mwezi. Kwamba nilipojisikia vizuri nilivikata nusu vinifikishe mbali, na usiku mwingine nikalala bila kumeza hata hiyo nusu, nikijiita mtu mzima kama watu wengine.

Baba alimuuliza daktari, "Huyu akiuzwa mnadani, vidonge vitafika wapi?"

"Mvua hii mpaka mvua ijayo."

"Halafu?"

"Halafu vingine."

"Waganga wetu wanadanganya vizuri kuliko wewe," baba alisema, na kwa mara ya kwanza tangu afike aliketi.

Tulirudi chumbani kwangu. Alimfunga fahali nje, akanywa maji akiwa amesimama. Mimi nilikuwa nikikaa kitandani, nikiinuka, nikikunja shati nililokwisha kulikunja.

"Zizini wamebaki sita," alisema. "Ndugu zako wawili hawajaoa."

"Mrudishe nyumbani, baba. Nitatafuta kazi nyingine."

"Ya kubeba magunia? Na tumbo hilo?"

Nikaliweka shati kando.

"Wataoa wakichelewa. Watanitukana, nitasikia. Wakubwa wale, hawatakufa kwa kulala peke yao." Akaweka kikombe chini. "Mnada ni leo. Pesa nitampa daktari mkono kwa mkono. Nikikupa wewe, utakata vidonge tena."

Nilisimama nivae viatu. Tumbo likanikamata nikifunga kamba ya kiatu cha kwanza, jasho likanitoka shingoni.

"Twende wote," nikasema.

"Kaa. Hatutafika hata relini."

Alinitazama kitambo, kama anayepima mnyama asiyemjua bado. Kisha akatoka, akauvuta mlango nyuma yake mpaka ukagota.