Kiraka cha Spika

Ulikuwa mwaka ule upepo ulipoezua ukumbi. Hapana, naongopa, ulikuwa mwaka uliofuata, maana bati lilikuwa jipya na mvua ikinyesha hamsikilizani humo ndani. Ndio mwaka ambao fundi wa mitambo ya sauti wa ukumbi huo, ambaye wote walimwita Kimya, nusura aache kazi kwa sababu ya wema wake mwenyewe.

Jina hilo hakupewa kwa upole. Alipewa kwa kuwa kipaza sauti alichokifunga yeye hakijapata kupiga mluzi. Harusi, mikutano, mahafali, watu walisema wakasikika. Utotoni alifungua redio ya baba yake aone wasemaji wamekaa wapi, akachapwa, na kesho yake akaifunga ikasema vizuri kuliko mwanzo. Tangu hapo kitu kibovu kikipita mbele yake, mkono unamwasha.

Sasa Jumamosi hiyo kulikuwa na onyesho la bendi nne za vijana, zile zisizo na kampuni wala meneja, zinazojitungia, zinazojibebea vyombo, hata mabango wanachora wenyewe. Ya tatu ilikuwa ya mpwa wake, binti wa dada yake, aliyemlea kama wa kumzaa. Binti na wenzake walifanya mazoezi miezi kumi na moja katika karakana ya seremala, na jioni hiyo ndiyo ya kwanza kusimama mbele za watu. Asubuhi alileta vyombo, akamwachia mjomba wake, akaenda zake kupiga pasi nguo.

Kimya akavipekua. Akakuta spika ya gitaa, karatasi yake ya mbele imechanika mara tatu. Akasonya. "Watoto hawa! Wangekuja kuaibika." Akakata kitambaa chepesi, akapaka gundi, akaziba mipasuko mmoja mmoja, akaianika dirishani. Kazi safi, hata ukipitisha kidole huhisi mshono.

Saa kumi na moja jioni mpwa wake akapiga gitaa kujaribu. Ikatoka sauti nyororo, ya kubembelezea mtoto. Akapiga tena. Akainama, akaitazama spika, kisha akakaa chini pale pale jukwaani.

"Mjomba, umefanya nini?"

"Nimekutengenezea, mama. Ilikuwa imechanika."

"Niliichana mimi!"

"Kwa bahati mbaya?"

"Kwa wembe, mjomba! Wiki mbili nilitafuta pa kuchana. Ule mkwaruzo ndio wimbo wenyewe. Bila huo tumekuja kusalimia tu."

Mpiga ngoma, kijana mrefu kama ngazi, akaangua kicheko. "Mzee, bahati yangu hukuiona ngoma yangu."

"Nimeiona. Nimeivumilia tu."

Kimya alichemka. Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Yeye alitenda akabaki, ndiyo maana yakamkuta. Akavua beji ya kazi aondoke asirudi tena, akakumbuka hakuna mwingine wa kufunga vipaza sauti, akarudi kwenye mashine yake, na onyesho likaanza.

Bendi ya kwanza gitaa la besi lilitangulia kama lina haraka, gitaa jingine likakwaruza pembeni kama mgeni asiyealikwa, na mwimbaji haimbi wala hasemi, analalamika kwa mpangilio. Ya pili, dada mmoja aliyejifunga pazia alinong'ona juu ya kinanda, akakatisha wimbo katikati, akapiga kengele ya baiskeli, akaendelea. Watu wakashangilia. "Anaumwa nini huyu?" Kimya akauliza hewa.

Nyuma ya jukwaa mpwa wake alikuwa akibandua kiraka kwa kucha. Hakibanduki. Ndiyo taabu ya kutengenezewa na fundi mzuri. Zilipobaki dakika kumi akamjia mjomba wake na spika kwapani na wembe mkononi, machozi yanamlengalenga.

"Nichanie wewe. Mimi natetemeka, nikikosea karatasi yote inaachia."

"Mimi? Umeniona lini nikiharibu chombo?"

"Mjomba. Miezi kumi na moja."

Kimya akamtazama. Akavuta miwani puani kwa hasira. "Urefu gani?"

"Kidole."

"Kidole cha nani? Sema sawasawa!"

"Changu, hiki."

Akachana mara tatu, uso kaukunja kama mtu anayechana shati jipya la mwanawe.

Wakapanda. Spika ikakoroma, ikanguruma, ikalia kama mlango wa chuma unaoburutwa, na juu ya ngurumo hiyo binti akaimba kwa utulivu kama anayesoma barua. Ukumbi wote ukasimama, wakaruka hata bati likatetemeka. Mkono wa Kimya ukanyanyuka wenyewe kwenda kupunguza sauti. Akaurudisha, akaukalia.

Walipomaliza, mpwa wake alishuka mbio, jasho linamtiririka, akamkumbatia. "Umesikia, mjomba? Imekaa vilevile!"

"Nimesikia. Tena nimefurahi, usidhani sijafurahi. Ila nieleze jambo moja."

Alimuuliza. Binti akamtazama mpiga ngoma, mpiga ngoma akaanza kukunja nyaya. Kimya akaja kuwauliza swali lilo hilo na wa bendi zilizofuata, mwaka hadi mwaka, na wote waliishia kucheka:

"Sasa siku spika ikiharibika kweli kweli, mtajuaje?"