Maji ya Maharage

Maji ya kisima chetu hayaivishi maharage. Mtu yeyote wa mtaa wetu hapa Kilosa analijua hilo. Unawasha mkaa asubuhi, unachochea mpaka adhuhuri, maharage yanakutazama tu, magumu kama kokoto. Ndiyo maana nina pipa la bluu ukutani, chini ya bati, na mvua ikinyesha nakinga. Pipa lina mfuniko, na juu ya mfuniko kuna jiwe. Maji yale ni ya maharage. Siyo ya kuogea, siyo ya kufulia, siyo ya jirani kuja na kopo, "kidogo tu, shoga." Marehemu mume wangu aliwahi kunawia miguu maji yale. Alikula ugali kwa chumvi siku mbili.

Naanza na pipa kwa sababu bila pipa mjukuu wangu angekuwa amekaa tu nyumbani leo.

Mjukuu mwenyewe ni binti wa binti yangu wa kwanza. Nimemlea tangu anatambaa, na mimi humwita mke mwenzangu, maana babu yake alimpenda kunizidi. Ni dereva. Siyo dereva wa kubahatisha. Ameendesha mpaka Kidodi msimu wa miwa, malori mbele, malori nyuma, masizi ya mashamba yaliyochomwa yanadondoka kwenye kioo kama mvua nyeusi, na hajawahi kugonga hata kuku. Ila gari siyo lake. Ni la mwanangu anayeishi Morogoro, jeusi, la viti saba. Alimwachia kwa sharti, na sharti alilisema akiwa amekaa kwenye mkeka wangu: "Ukipata kazi ya kueleweka kabla ya mfungo, endelea nalo. Ukikosa, nakuja kulichukua."

Mfungo ukawa umebaki wiki tatu, kazi hakuna. Ndipo akapigiwa simu. Hoteli moja ya wageni kule Mikumi ilikuwa inatafuta gari la kuwapokea watu wanaoshuka kwenye treni ya umeme hapa Kilosa na kuwapeleka mbugani. Wameita madereva wawili, kila mmoja aende na gari lake Jumamosi saa nne asubuhi, likaguliwe. Atachukuliwa mmoja.

Alhamisi mjukuu wangu akaliosha. Nilikaa kwenye kigoda namtazama, na mkono wake ulinifurahisha. Alianza juu akashuka chini. Alikuwa na ndoo mbili, moja ya povu, moja ya kusuuzia kitambaa, ili mchanga usirudi kwenye rangi ukaikwaruza. Alipomaliza akaliacha juani likauke. Tukaingia ndani kunywa uji. Tulipotoka, gari zima lilikuwa na madoa meupe, vidoa vidoa, kuanzia boneti mpaka buti.

Akaliosha tena. Likakauka na madoa. Akaongeza sabuni, akaosha mara ya tatu. Madoa yakazidi.

Jirani yetu mmoja, mzee aliyeendesha lori la miwa mpaka akastaafu, alikuwa amejiegemeza kwenye ua wetu muda wote huo. Alikuwa rafiki wa mume wangu, kwa hiyo ananiita shemeji na ulimi wake hauna breki.

"Shemeji! Gari la mjukuu wako limeota mba!"

"Heri mba," nikamjibu. "Mba huota penye nywele. Wewe hata pa kuotea huna."

Akajipapasa kipara, akacheka. Lakini mjukuu wangu hakucheka. Aligeuza ndoo akaikalia, mikono kichwani. "Bibi, rangi imekufa. Mjomba akiliona hivi hatangoja hata mfungo."

Nikaenda kuteleka chai. Nikafunua birika, na humo ndani nikaona lile gamba jeupe ninalolisugua kila mwezi na bado linaganda tena. Nikasimama na mfuniko mkononi kama mjinga.

"Mke mwenzangu! Njoo hapa."

Akaja anaburuza miguu.

"Hiki cheupe kimetoka wapi?"

"Kwenye maji ya kisima, Bibi. Si chumvi hiyo?"

"Na lile gari umeliosha kwa maji gani?"

Alinitazama. Akalitazama birika. Akakimbia nje kulitazama gari, kana kwamba lingemthibitishia.

Birika langu nalisafisha kwa ndimu. Nikachukua ndimu tatu na kisu. Hapo akanizuia. "Bibi, utaunguza rangi! Gari siyo birika!" Jirani naye kutoka uani akadakia, "Msikilize mtoto, shemeji, usije ukalichubua." Nikasema sawa, hata mchuzi huonjwa kwanza. Nikakamulia ndimu moja kwenye kopo la maji, nikapiga magoti nyuma ya gari, mahali pa chini ambapo hapaonekani mpaka uiname. Nikachagua doa moja. Nikalipitishia kitambaa chenye maji ya ndimu, nikasoma Alhamdu mpaka mwisho bila haraka, nikalisuuza. Cheupe kikatoka. Cheusi kikabaki.

Sasa kilichobaki ni maji ya kusuuzia. Ukisuuza kwa maji yale yale ya kisima unarudisha kile ulichokitoa. Macho ya mjukuu wangu yalikwenda kwenye pipa yakarudi, yakaenda tena. Pipa lilikuwa nusu, na mvua hatukuwa tunaitegemea karibuni.

"Ni ya maharage, Bibi," akasema taratibu.

"Maharage hayaendi Mikumi."

Nikaliondoa jiwe mwenyewe.

Ijumaa asubuhi tulilisogeza gari upande wa nyumba wenye kivuli. Ndimu kidogo, maji ya mvua, kitambaa kikavu papo hapo, kipande kwa kipande, bila kuliachia jua. Madoa yakaisha yote. Akafungua kopo la nta ya gari, akachota kwa vidole vitatu, akaanza kulipaka kama mtoto mchanga anayepakwa mafuta ya mgando.

"Acha!" nikasema. "Hapo ni pangu."

Baba yangu alikuja Rudewa kukata mkonge. Mimi shule niliishia darasa la nne, nikapelekwa kufanya kazi nyumba ya meneja wa shamba. Nyumba ile ilikuwa na sakafu nyekundu ya simenti, vyumba sita na baraza, na miaka kumi na moja niliing'arisha mimi, kwa magoti haya. Nta ya sakafu ukipaka nyingi inakamata vumbi na kunata miguuni. Unapaka kidogo, kama unayeiba. Unaiacha ikauke mpaka ipauke, iwe kama ukungu. Ndipo unachukua kipande cha blanketi unasugua kwa kuzungusha, na husugui kwa hasira, unasugua kama unayembembeleza mtu alale. Meneja yule hakuwahi kunisifu hata siku moja. Lakini alikuwa anavua viatu mlangoni. Sifa gani tena mtu anataka?

Basi nikamfundisha mjukuu wangu hivyo hivyo. Kidogo, ngoja, blanketi. Blanketi lenyewe lilikuwa la babu yake, nililikata bila kujuta. Tulipofika kwenye boneti niliinama nikauona uso wangu humo, na mikunjo yote, hata mingine sikuwa na habari nayo.

Jirani akaja, akalizunguka gari mara mbili, mikono nyuma. Akanyoosha kidole kugusa.

"Toa mkono," nikamwambia.

Akautoa. Akajiona kwenye mlango, akajipapasa kipara.

Ndani nilifanya mimi. Kwenye dashibodi kuna vile vitundu vya kutolea upepo, vyembamba, kidole hakiingii, na vumbi limelala humo tangu enzi na enzi. Nikang'oa unyoya mweupe wa jogoo wangu, jogoo akapiga kelele mtaa mzima ukajua. Nikaupitisha kwenye vitundu vyote, kimoja kimoja, nikauosha, nikarudia mpaka ukatoka mweupe.

Jumamosi tukaondoka mapema, na madumu mawili ya maji ya pipa nyuma. Njiani tulikula vumbi la kutosha. Kabla ya kufika hotelini akaegesha chini ya mti, tukalimwagia maji. Hapo ndipo nilipoichekea nta yangu kwa furaha, maana maji yaliteleza na vumbi lake kama kwenye jani la gimbi, na gari likabaki kama tulivyoliacha nyumbani.

Mwanamume wa kushindana naye alikuwa keshafika. Gari lake lilikuwa jipya kuliko letu, limeoshwa kwa mashine, tairi zimepakwa dawa zinameremeta. Alimtazama mjukuu wangu, akanitazama mimi. "Dada, umekuja na bibi akuombee dua?"

"Na wewe nikuombee?" nikamuuliza. "Naona utaihitaji."

Mkaguzi akatoka, binti mdogo wa shati jeupe, daftari mkononi, akaenda moja kwa moja kwenye gari. Nikakohoa. Akageuka, akashtuka. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Sasa kagua."

Akakagua kweli, mtoto yule. Akapitisha kidole kwenye raba za milango. Akanyanyua mazulia ya miguuni. Akakaa kiti cha nyuma, akafumba macho, akanusa. Akamuuliza mjukuu wangu, mgeni akishuka na viatu vya matope utamfanya nini? Mjukuu wangu akasema, "Nitamkaribisha. Matope yanaoshwa." Binti akaandika.

Halafu akahamia mbele, akainamia dashibodi, na mkono wake ukavuta kitu kwenye kitundu cha upepo. Unyoya. Wangu. Niliusahau umechomekwa pale.

"Hiki nini?"

Yule mwanamume akacheka waziwazi. Nikaliona gari linakwenda Morogoro, na mjukuu wangu amekaa juu ya ndoo, na kosa ni langu mimi na jogoo wangu.

Lakini mtoto niliyemlea hakuinamisha kichwa. "Ni unyoya wa jogoo," akasema, kwa sauti ya kawaida tu. "Vitundu hivyo kidole hakiingii. Bibi yangu huyu ndiye aliyevisafisha. Hata hiyo nta ni mkono wake. Mimi nimejifunza kwake."

Alilisema mbele ya watu wote, bila kuona haya. Nikawa mrefu ghafla, mimi mwenye mgongo huu.

Binti wa daftari akaugeuzageuza unyoya. Ulikuwa mweupe. Akashuka, akatembea mpaka kwenye lile gari jipya, akafungua mlango, akauchomeka kwenye kitundu cha upepo na kuuvuta. Ulitoka rangi ya panya. Akamwonyesha mwenyewe.

Akamrudia mjukuu wangu. "Jumatatu kuna wageni wanne. Uwe stesheni kabla treni haijaingia." Kisha akaja kwangu akanirudishia unyoya kwa mikono miwili.

Mwanangu alipiga simu jioni ile. "Mama, nasikia kapata kazi. Gari langu likoje?"

"Njoo ulione," nikamwambia. "Ila nawa mikono kwanza."

Sasa kila gari likirudi, tunaliosha kwa maji ya pipa. Mfuniko una jiwe vilevile, ila jiwe linalinda kitu kingine. Mvua imekuwa ya kudonoa tu mwaka huu, haitoshi gari na chungu, kwa hiyo maharage yamerudi kwenye maji ya kisima. Juzi jirani alipita saa ya chakula, nikampakulia. Akatafuna, akasimama, akatafuna tena.

"Shemeji, haya si maharage. Haya ni kokoto."

"Tafuna," nikasema. Nje mjukuu wangu alikuwa anapiga honi ya kuaga, anakwenda kupokea treni, na jua lote la Kilosa lilikuwa limelala kwenye boneti lake. "Tafuna, shemeji. Una meno."