Mwethya Uliokosa wa Kwanza

Harufu ya muthokoi uliochacha, yale mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na mbaazi, haifichiki. Ina ukali wa siki, ina moshi, na chini yake kuna mbaazi zilizokata tamaa. Nikikutana nayo leo, hata katika jiko la watu nisiowajua, narudi papo hapo nyumbani kwetu Kalamba nikiwa na miaka kumi na mmoja. Ni Jumatano jioni, nimeshika sahani, na Mama ananipakulia chakula alichokipika Jumatatu kwa ajili ya watu kumi na sita ambao hawakuja.

Niwasimulie kwa utaratibu, maana hasira ikisimuliwa ovyo huonekana kama uchoyo.

Kwetu Ukambani kuna desturi ya mwethya. Majirani hukusanyika na majembe yao, leo kwa huyu, keshokutwa kwa yule, wakamaliza kwa siku moja kazi ambayo mwenye shamba angeifanya peke yake mpaka azeeke. Mwethya wa kanisa letu ulikuwa wa nyumba nane, na siku zake zilikuwa Jumanne na Alhamisi. Kila mwaka, kabla ya mvua za mwisho wa mwaka, walichimba matuta ya fanya juu: mtaro unakata mteremko, udongo unatupwa upande wa juu, maji yakishuka yanakuta ukuta na kuingia ardhini polepole. Pasipo na tuta, maji hayaingii popote. Yanaondoka na shamba.

Letu lilikuwa limeshaanza kuondoka. Katika shamba la chini kulikuwa na korongo ambalo mwaka uliotangulia niliweza kuliruka, na mwaka huo sikuweza tena. Nilikuwa mtoto wa kupimapima vitu. Wakati wa mvua za Machi nilichomeka vijiti vinne ukingoni. Mvua zilipokwisha kilibaki kimoja, na safu mbili za mbaazi zilikuwa zimeingia shimoni pamoja na vile vitatu. Kutoka ukingoni hadi ghala letu la mahindi zilibaki hatua zangu ishirini na mbili. Nilimweleza Baba. Akaniambia Mungu anaona.

Miaka yote zamu ya mwethya iliamuliwa kwa punje za mahindi kofiani. Aliyeokota punje nyekundu alichimbiwa kwanza, wengine wakafuata. Hakuna aliyelalamika. Lakini mwaka huo tulipata pasta mpya, kijana mwembamba mwenye sauti nzuri, na Jumapili ya kwanza ya Septemba, jua likiwa bado kali, alihubiri jinsi Yesu alivyojifunga kitambaa, akapiga magoti, akaosha miguu ya wanafunzi wake. Alihubiri vizuri mno. Hilo ndilo lililotuponza.

Baada ya ibada, wanamwethya walibaki kanisani kupanga zamu. Kofia ilikuwa tayari imewekwa mezani. Mzee Kioko, jirani yetu ambaye shamba lake liko juu ya letu, akasimama huku machozi yakimlengalenga.

"Bwana asifiwe, wapendwa. Mimi neno limenigusa. Anzeni kwingine kote. Kwangu mje mwisho."

Watu wakasema amina. Baba yangu, ambaye alikuwa mzee wa kanisa na hakupenda kupitwa na amina, akasimama pia.

"Ndugu Kioko, hapana. Wewe uko na watoto wadogo. Wacha mimi nikuwe wa mwisho."

"Baba Nduku," Kioko alisema, akimwita kwa jina langu, "usininyang'anye baraka."

"Si kukunyang'anya, ndugu yangu. Ni kukupunguzia mzigo."

Basi ikawa hivyo. Mmoja baada ya mwingine wakainuka, kila mmoja akiomba mkia. Hata Susu Syombua, mjane mzee ambaye sisi watoto tulimwita susu, yaani nyanya, na ambaye mkono wake wa kulia haukuweza hata kuinua jembe, alisema kwa sauti ndogo kwamba yeye atangoja tu, amezoea kungoja. Pasta alifurahi sana. Akasema hii ndiyo roho yenyewe, akaomba kwa muda mrefu, na tukaenda nyumbani bila zamu.

"Kwa hivyo Jumanne ni kwa nani?" Mama aliuliza njiani.

"Itajulikana."

Mama hakuwa mtu wa kuvamiwa na wageni akiwa na sufuria tupu. Jumatatu alichemsha muthokoi wa kulisha mwethya mzima, ikiwa Jumanne asubuhi itajulikana kwamba ni kwetu. Haikujulikana. Tuliula mchana, jioni, asubuhi, mpaka ukaanza kutoa povu. Ndugu yangu mdogo aliuliza kama unyenyekevu ni ugonjwa wa tumbo, akachapwa.

Jumapili ya pili mambo yalikuwa yale yale. Jumapili ya tatu mtu mmoja alipendekeza turudie punje za mahindi, na Mzee Kioko akasema kwa upole kwamba waliopiga kura chini ya msalaba walikuwa askari. Nani angeokota punje baada ya hapo? Kofia ikarudi kichwani kwa mwenyewe. Nami niliyekuwa nimekaa benchi la nyuma nikitazama, niligundua jambo lililonikera kuliko yote: Baba, aliyepigania nafasi ya mwisho kanisani kwa nguvu zake zote, nyumbani hakuwahi hata siku moja kuwa wa mwisho kupakuliwa.

Mawingu yakaanza kujikusanya upande wa vilima vya Nzaui. Watu walikwisha kupanda maharagwe kwenye udongo mkavu, kama tunavyofanya, ili mvua iyakute tayari ardhini. Usiulize nani alikuwa akichimba matuta. Hakuna. Wote walikuwa wananyenyekea.

Jumapili ya nne, Mzee Kioko akiwa amesimama tena na mkono kifuani, Mama aliinuka kutoka upande wa wanawake. Alikuwa amevaa leso yake ya kijani, na mtoto mgongoni.

"Anzeni kwetu," alisema.

Nilisikia mabati yakilia kwa joto. Pasta aliuliza, "Umesema nini, Mama Nduku?"

"Nimesema mwethya uanze kwetu. Korongo limefika karibu na ghala. Jumanne mje. Alhamisi muende kwa Susu, yeye hana mkono."

"Mama," Pasta alisema taratibu, "tulikuwa tunatafakari ule mfano wa Bwana."

"Nimeutafakari, Pasta. Hapa kila mtu ameshika beseni. Hakuna anayetaka kuvua kiatu aonyeshe mguu mchafu. Sasa beseni zote hizi zitaosha nani? Basi nioneni mimi. Wangu huu hapa."

Hakuna aliyesema amina. Mwanamke mmoja alifyonya, wazi kabisa, ndani ya nyumba ya Bwana. Mzee Kioko alikaa chini akitabasamu, akasema, "Haya. Tumempata Mama wa Kwanza." Watu wakacheka. Nilitazama miguu yangu mpaka nikajua kila kidole. Baba hakugeuka. Shingo yake tu niliiona, imekaza kama kamba ya ndoo.

Nyumbani alimgombeza Mama mbele yetu, jambo ambalo hakuwa na tabia ya kulifanya.

"Umeniaibisha mbele ya ndugu zangu."

"Aibu itapona, Baba Nduku. Shamba likienda mto Athi halirudi."

"Ungengoja! Mtu angesema!"

"Nani?"

Baba alitoka, akafunga mlango kwa adabu ya mtu anayetaka kuupiga.

Jumanne walikuja wote kumi na sita. Hilo lazima niliseme, maana lilikuwa kweli: kunung'unika walinung'unika, lakini walichimba. Mzee Kioko alichimba kuliko wote. Kufikia saa tisa mitaro mitatu ilikuwa imekata shamba la chini, na kichwa cha korongo kilikuwa kimezibwa kwa mawe na matawi ya miiba. Sufuria ya Mama iliisha mpaka ukoko. Alhamisi walikwenda kwa Susu Syombua, na Mama akatangulia na jembe kabla hawajafika. Susu alimshika mkono, akamnong'oneza huku anacheka kwa ufizi, "Mimi ningeomba, wangesema nina haraka ya kaburi."

Na alipokwisha kupatikana wa kwanza, wa tatu na wa nne walipatikana bila maombi yoyote. Ilikuwa rahisi ajabu.

Lakini Jumapili nne zilikuwa zimekwisha kupotea. Mvua ilishuka wakati nyumba tano tu ndizo zilizokuwa zimechimbiwa. Ilinyesha siku mbili. Korongo letu halikusogea hata hatua moja. Nilipima, zilikuwa ishirini na mbili kamili. Mzee Kioko, aliyekuwa wa mwisho kama alivyoomba, alipoteza udongo wa juu wa nusu shamba. Ulishuka mteremko, ukakuta mtaro wetu wa kwanza, ukatulia humo. Baada ya wiki moja maharagwe yake yalichipua ndani ya mtaro wetu, mistari imepindapinda.

Mama aliyapalilia. Yalipokauka aliyavuna, akayaweka katika kiondo na kunituma nikayapeleke. Mzee Kioko alipokea kiondo, akakitazama kwa muda.

"Mwambie Mama wa Kwanza asante," alisema.

Sijui kama alitania. Lile jina halikutoka tena. Lilifika shuleni kabla yangu: nikienda kupanga foleni bombani wasichana wananisukuma mbele, "Pita, Nduku, si kwenu ni wa kwanza?" Wanawake wa kanisa walipochagua viongozi mwaka uliofuata, hawakumchagua Mama, ambaye alikuwa mweka hazina wao kwa miaka sita. Alikuja nyumbani, akavua leso, akatwanga mahindi. Nami nilimkasirikia yeye. Si Kioko, si Pasta, si Baba. Yeye. Nilijiuliza kwa nini mama yangu peke yake hakuweza kukaa kimya kama Mkristo.

Nilibeba hasira hiyo miaka mingi, nikiigeuza upande huu na upande ule. Desemba iliyopita nilikuwa nyumbani. Baba anatembea kwa fimbo siku hizi, na tulikuwa tumekaa nje tukipukuchua mbaazi, shamba la chini likiwa mbele yetu, limejaa. Nikamuuliza kitu ambacho sikuwahi kumuuliza: mwaka ule, kwa nini hakusema mwenyewe? Aliliona korongo kila siku.

Alipukuchua maganda matatu kabla ya kujibu.

"Jumapili zote nne nilikuwa naomba."

"Ukiomba nini?"

"Mungu aguse mtu. Aseme uanze kwetu."

"Mtu gani?"

"Mtu yeyote. Mama yako aliposimama, nilishukuru moyoni."

"Halafu ukaja nyumbani ukamgombeza!"

"Nilikuwa nimeshaanza kunyenyekea, Nduku," alisema, bila hata chembe ya mzaha. "Ningegeukia wapi?"

Nawaambia, nilisimama na mbaazi zote zikamwagika. Nilikwenda moja kwa moja jikoni nikamwaga habari yote mbele ya Mama, kama mtoto anayeshtaki. Aliendelea kukoroga.

"Kwani ulifikiri sikujua?" alisema. "Jumamosi ile kabla sijasema, alishika tupa akanoa majembe yote matano. Mtu anayetaka kuwa wa mwisho hanoi majembe matano."

"Na hukumwambia unajua?"

"Ningemwambia, angeacha kunoa."

Nikiwa na miaka kumi na mmoja niliamini kwamba siku ile kanisani kulikuwa na watu wanane wanyenyekevu na mwanamke mmoja mwenye haraka. Nilihesabu vibaya. Pale kila mtu aligombea ule unyenyekevu unaoonekana, ule unaoitikiwa amina. Mama alichukua ule mwingine ambao hauna mwitikio: alifanya kile ambacho wote walikihitaji na kukiogopa, Susu kwa uzee wake na Baba kwa heshima yake, akawaachia wabaki na sifa zao safi. Kisha akachukua jembe akawachimbia. Kuosha miguu ya mtu ni kazi, ndiyo, lakini anayeosha husimama baadaye na watu wakamheshimu. Yeye hakusimama akaheshimiwa. Alibaki na jina la utani. Na hata hivyo, niwe mkweli, kulielewa hili hakujanituliza. Naona mtu mmoja hakupaswa kulibeba wakati aliyejua yote alikuwa amekaa mbele yake benchi mbili tu, na shingo yake imekaza.

Kwa hiyo nilirudi kwa Baba.

"Nenda umwambie."

"Nimwambie nini saa hii? Ni miaka."

"Vile vile ulivyoniambia mimi."

Alinitazama kama anayeangalia mvua iliyokosea msimu. Akachukua fimbo, akainuka kwa awamu, akavuka uwanja polepole mpaka mlango wa jiko. Alisimama hapo. Nilimsikia akikohoa.

"Mama Nduku."

"Naam."

Kuku alivuka uwanja akarudi.

"Kuna chai?"

Nilifunika uso kwa mikono miwili.

"Iko," Mama alijibu. "Lakini sema kwanza ulichokuja kusema."

Kisha Baba akaanza, kwa sauti ya chini sana. Nami, ambaye tangu utotoni sijaacha mazungumzo ya watu yanipite, mara hii nilichukua kigoda changu nikakipeleka upande wa pili wa nyumba, nisisikie.